Kadi mpya ya grafiki haionyeshi picha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza maswali haya wengi wao wana historia moja. Mtu amenunua kompyuta ya ofisi iliyotumika, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, kisha akaongeza kadi ya grafiki ili acheze gemu, ahariri video au achore kwa AutoCAD. Amefunga, amewasha, skrini nyeusi tii. Aliyejijengea mashine kutoka mwanzo naye atakuta lake humu. Msimamo wangu ni huu: kadi iliyokufa kweli iwe ya mwisho kushukiwa. Kabla yake kuna waya, kuna umeme, na kuna mashine yenyewe ambayo haikutengenezwa kubeba kadi kubwa.

Feni zinazunguka na taa zinawaka, lakini hakuna picha. Nianzie wapi?

Anzia nyuma ya kasha. Matundu ya picha yako makundi mawili: yaliyo pamoja na matundu ya USB na sauti ni ya mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), na yaliyo kwenye bati jembamba la kadi ni ya kadi. Waya wa monita unatakiwa uwe kwenye kadi. Mashine nyingi za ofisi zikishagundua kadi mpya huzima matundu ya mazabodi zenyewe, kwa hiyo ukiuacha waya pale ulipokuwa jana utapata giza hata kama kila kitu ni kizima.

Kisha tazama monita. Ilikuwa inatumia VGA, sasa umeweka HDMI. Je, umebadilisha chanzo kwa kile kitufe cha Input au Source? Anayetumia televisheni ahakikishe amechagua HDMI ileile alikochomeka, maana televisheni huwa na mbili au tatu na si zote hujitafutia picha zenyewe. Badilisha waya pia, na ujaribu tundu lingine la kadi.

Feni zisikudanganye. Kuzunguka kwake kunathibitisha tu kwamba umeme umefika kwenye feni. Na kinyume chake ni kweli vilevile: kadi nyingi za siku hizi husimamisha feni mpaka zipate joto, hivyo feni iliyotulia si ushahidi kwamba kadi ni mbovu.

Monita yangu ina VGA peke yake. Nikinunua kichwa cha kubadilishia itafanya kazi?

Inategemea ni kichwa gani. VGA ni ya analogi, na kadi mpya hazitoi analogi kabisa. Kwa NVIDIA, GTX za mfululizo wa 900 ndizo za mwisho kuwa na DVI-I, ile yenye pini nne za ziada kuzunguka ule ufa bapa. Kuanzia GTX 1000 kuna DVI-D tu, au hakuna DVI kabisa. Kile kichwa cha bei rahisi cha DVI kwenda VGA hakina saketi yoyote ndani, kinaunganisha pini kwa pini, kwa hiyo kwenye DVI-D hata kikiingia kwa nguvu hakitaleta kitu. Unachohitaji ni kigeuzi chenye chipu yake, cha HDMI kwenda VGA au DisplayPort kwenda VGA.

Kuna mtego mwingine hapa. Waya wa DisplayPort kwenda HDMI huenda upande mmoja: DisplayPort iwe kwenye kadi, HDMI iwe kwenye skrini. Ukiugeuza, kadi itoe HDMI na monita ipokee DisplayPort, hutaona chochote, na waya wenyewe hautakuambia.

Nitajuaje kama ni kadi tu, au kompyuta nzima haijaamka?

Bonyeza Caps Lock. Taa ya kibodi ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, mashine imeamka na inakusikiliza, ila haina pa kuonyesha picha. Taa isipoitikia, kompyuta imekwama kabla ya kufika mbali.

Sikiliza pia milio, kama mashine ina spika ndogo ndani. Kwenye BIOS (programu ya mazabodi inayoanza kabla ya Windows) za Award na AMI, mlio mmoja mrefu ukifuatiwa na miwili mifupi humaanisha tatizo la picha. Mazabodi nyingi mpya hazina spika, badala yake zina vitaa vinne vidogo vilivyoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Kitaa kinachobaki kimewaka ndicho kinachokuonyesha mahali zilipokwama. Kikiwa DRAM, achana na kadi kwanza. Wakati wa kusukuma kadi iingie, mkono huweza kuugusa ubao wa RAM ukalegea. Uchomoe na uurudishe mpaka vishikizo vyake vilie.

Halafu fanya jaribio linalomaliza ubishi. Zima, chomoa waya wa ukutani, toa kadi, rudisha waya wa monita kwenye mazabodi, washa. Picha ikirudi, kompyuta ni nzima na unaendelea kuitafuta sababu kwenye kadi, umeme au BIOS. Ila jaribio hili lina sharti: prosesa iwe na grafiki yake. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, kama i5-12400F, hazina. Ryzen 5 5600 nayo haina, ilhali 5600G inayo. Ukiwa na prosesa ya namna hiyo, giza kwenye matundu ya mazabodi ni jambo la kawaida wala halikuambii lolote.

Kadi inahitaji umeme kiasi gani, na nitajuaje kama pawa saplai yangu inatosha?

Hapa ndipo mashine nyingi zinapofia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kadi hupata umeme kwa njia mbili. Sloti yenyewe ya PCIe (tundu la mazabodi kadi inapoingia) hutoa wati 75 na si zaidi. Kinachozidi hapo huja kwa waya kutoka pawa saplai: wa pini 6 huongeza wati 75, wa pini 8 huongeza 150. Ndiyo maana GT 1030, GTX 1650 nyingi na RTX 3050 ya GB 6 huridhika na sloti tu, wakati RTX 3060 yenye wati 170 haiwezi kufanya lolote bila waya wake. Ukiliacha wazi tundu la umeme la kadi, baadhi ya kadi za NVIDIA zitakuandikia kwenye skrini uzime mashine na kuunganisha waya. Nyingine zitapiga feni kwa fujo tu bila neno.

Waya wa pini 8 wa kadi na ule wa prosesa hufanana, lakini si kitu kimoja, na upande wa volti 12 kwenye mmoja ndio upande wa hasi kwenye mwingine. Maumbo ya pini huzuia kukosea, ila mtu mwenye nguvu na haraka ameshawahi kuyashinda. Utautambua hivi: waya wa kadi hugawanyika pini 6 na pini 2, na mara nyingi umeandikwa PCIe au VGA. Wa prosesa hugawanyika nne kwa nne. Hizo pini 2 za pembeni ndizo zinazosahaulika zaidi. Zinaning'inia nusu zimeingia, na kadi inakaa kimya.

Sasa namba iliyoandikwa kwenye pawa saplai. Usisome ile kubwa ya ubavuni. Tafuta kibandiko chenye jedwali, uone safu ya +12V, kisha zidisha ampea zake kwa 12. Sanduku linaweza kuandikwa 500W, lakini safu ya +12V ikisema ampea 20, hizo ni wati 240 tu, na kadi na prosesa hula hasa kwenye hiyo safu. RTX 3060 na wati zake 170, prosesa ya wati 65, weka na feni na diski, umeshapita. Mashine itawaka, itajaribu, itazima, au itakaa na skrini nyeusi. NVIDIA wanapendekeza pawa saplai ya wati 550 kwa kadi hiyo, na mimi ningechukua ya 550 ya jina linaloaminika kuliko ya 700 isiyojulikana imetoka wapi.

Na kwa mashine iliyoletwa kutoka Marekani: kabla hujachomeka popote, tazama nyuma ya pawa saplai kama kuna swichi nyekundu ya 115 na 230. Ikiwa kwenye 115 na umeme wetu ni wa 230 na zaidi, hutakuwa na haja ya kusoma maswali yaliyobaki.

Pawa saplai haina waya wa kadi. Naweza kutumia adapta ya SATA kwenda pini 6?

Hapana. Plagi ya umeme ya SATA, ile ya diski, imekadiriwa kubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54, na tundu la pini 6 lina haki ya kudai 75. Plagi huanza kubadilika rangi, halafu hunuka, halafu huyeyuka. Kwamba adapta hiyo inauzwa wazi mezani Kariakoo na Luthuli Avenue haiifanyi iwe salama. Badilisha pawa saplai au chukua kadi isiyohitaji waya.

Nina OptiPlex 9020. Kadi gani itaonyesha picha bila vita?

Kwanza jua ni umbo gani. Ile ya mnara ina pawa saplai ya wati 290, ile nyembamba ya kulala ina wati 255, na kwa kawaida zote mbili hazina waya wa kadi. Kwa mnara, GTX 1650 isiyo na tundu la umeme ni chaguo linalofanya kazi kwa watu wengi. Kwa ile nyembamba lazima kadi iwe ya kimo kifupi na ije na bati lake fupi. Hilo liulize dukani kabla ya kulipa, kwa sababu kadi ndefu haikatwi.

Ukitaka kuibadilisha pawa saplai, fahamu kwamba plagi kubwa ya mazabodi hiyo ina pini 8 za mpango wa Dell wenyewe, si 24 za ATX, mpango wa kawaida. Kuna adapta ya 24 kwenda 8, nayo hufanya kazi kwenye mnara. Kwenye nyembamba nafasi yenyewe haipo.

Kadi imeingia kabisa kwenye sloti, nina hakika. Au?

Iangalie tena, ukiwa umeinamisha kichwa usawa wa sloti na tochi ya simu mkononi. Mstari wa dhahabu wa kadi unatakiwa uzame sawasawa kuanzia mbele hadi nyuma. Kinachotokea mara nyingi ni hiki: ulimi wa chini wa lile bati la kadi hupanda juu ya ukingo wa kasha badala ya kuteleza nyuma yake. Upande wa mbele umeingia na kishikizo kimelia, ila upande wa nyuma umeinuka milimita moja au mbili. Ukikaza skrubu katika hali hiyo unauinua zaidi. Legeza skrubu, toa kadi, elekeza ulimi kwenye nafasi yake, sukuma kwa vidole viwili vilivyotengana, ndipo ukaze.

Tumia sloti ndefu iliyo karibu na prosesa. Ya pili, hata ikiwa na urefu uleule, mara nyingi ina njia chache za data.

Kwa walio pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, kuna jambo la ziada kwa kadi na mashine zilizotumika: chumvi. Utaona weupe au ukijani kwenye pini za dhahabu, au ukungu mwembamba uliozifanya zipoteze mng'ao. Futa kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, au kwa kifutio cheupe cha penseli taratibu, kisha pangusa mabaki yote. Sloti yenyewe ipulizie hewa, usiingize kitu. Na kabla ya kushika chochote, gusa chuma tupu cha kasha ili umeme wa mwilini uondoke.

BIOS inahusika vipi?

Kwa njia tatu.

Ya kwanza ni chaguo la kadi ipi ianze. Rudisha picha ya mazabodi, ingia BIOS, tafuta maneno kama Primary Display au Initial Display Output. Kwenye orodha utakuta Auto, IGFX na PEG. IGFX ni grafiki ya prosesa, na PEG ndiyo sloti ya kadi yako.

Ya pili inawakuta wenye mchanganyiko wa vitu vya zamani na vipya. Mazabodi za kisasa huwaka kwa UEFI, mtindo mpya uliochukua nafasi ya BIOS ya zamani, na kadi nyingi za kabla ya 2012 hazina sehemu ya UEFI ndani yake. Ukizima CSM (kipengele kinachoruhusu kuwaka kwa mtindo wa zamani) kwenye BIOS, kadi kama hiyo haitaonyesha nembo wala menyu. Washa CSM, au kwa Dell washa Legacy Option ROMs. Upande wa pili, kadi ya Intel Arc haitaki mfumo wa zamani: yenyewe inataka UEFI, hivyo usiipeleke kwenye mashine ya zamani sana ukitegemea miujiza.

Angalizo kabla ya kugusa CSM. Kama Windows yako ilisakinishwa kwa mtindo wa zamani kwenye diski ya MBR (mpangilio wa zamani wa diski), ukizima CSM picha itakuja lakini Windows haitapatikana. Windows 10 kuanzia toleo la 1703 ina zana iitwayo mbr2gpt ya kuibadilisha diski bila kufuta, ila hifadhi nakala ya mafaili yako kwanza. Na wenye BitLocker (ulinzi wa Windows unaofunga diski) watafute ufunguo wao wa kurejesha kabla, si baada.

Ya tatu ni BIOS yenyewe kuwa ya zamani. Pakua toleo jipya kutoka tovuti ya mtengenezaji wa mashine, na usiisasishe siku ambayo umeme unakatikakatika kama huna UPS.

Ukivuruga mipangilio mpaka hujui ulipo, chomoa waya wa ukutani, toa betri ya CR2032 dakika chache, irudishe. BIOS itaanza upya na saa itakuwa imepotea.

Nembo inaonekana vizuri, giza linaanza Windows inapoingia. Kadi ni mbovu?

Karibu kila mara hapana. Kadi imeshaonyesha picha, kwa hiyo umeme wa kuanzia, sloti na waya vimepita mtihani. Tatizo ni draiva, ile programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi. Kwanza subiri dakika chache: Windows ikiwa na intaneti huweza kuwa inaweka draiva yenyewe, na skrini hupotea na kurudi. Kisha bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Hiyo huianzisha upya draiva ya grafiki. Jaribu pia Windows na P, pengine picha imeelekezwa kwenye skrini ambayo haipo.

Isiporudi, ingia Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu), ondoa draiva za kadi ya zamani kwa programu ya DDU, kisha weka ya kadi mpya kutoka kwa NVIDIA, AMD au Intel wenyewe. Hili ni muhimu hasa kwa aliyehama kutoka AMD kwenda NVIDIA au kinyume chake. Ila giza likija tu unapofungua gemu, pamoja na kompyuta kujizima au kujiwasha upya, rudi kwenye swali la umeme.

Kwa HDMI picha inakuja, kwa DisplayPort ni giza mpaka Windows ifunguke. Kwa nini?

Kama kadi ni GTX 900 au GTX 1000, hili linajulikana. Mwaka 2018 NVIDIA walitoa zana ya kusasisha programu ya ndani ya kadi hizo kwa ajili ya monita za DisplayPort 1.3 na 1.4. Washa kwa HDMI au DVI, iendeshe zana hiyo, halafu rudi kwenye DisplayPort.

Nimesimamisha kadi wima kwa waya wa kurefusha sloti. Tangu hapo hakuna picha.

Waya huo ukiwa wa kizazi cha 3 cha PCIe na kadi na mazabodi vikiwa vya kizazi cha 4, mara nyingi haviafikiani. Weka kadi moja kwa moja kwenye sloti, ingia BIOS, weka sloti iwe Gen3, kisha rudisha waya.

Nimenunua kadi iliyotumika kwa bei nzuri sana. Nichunguze nini?

Anza na jambo linalochekesha mpaka likukute: je, ina tundu la picha? P106-100 ina chipu ileile ya GTX 1060, lakini ilitengenezwa kwa uchimbaji wa sarafu za kidijitali na haina tundu hata moja. Kadi za CMP za NVIDIA za 2021, kama 30HX, ni hivyo hivyo. Tesla K80 na M40 zilitoka kwenye vituo vya data. Nazo hazina matundu, na umeme wake huja kwa plagi ya aina ya prosesa, si ya kadi. Muuzaji akikuambia "hii ni kama 1060", mwambie aigeuze uone nyuma.

Baada ya sarafu ya Ethereum kuacha uchimbaji Septemba 2022, kadi nyingi za kazi hiyo ziliingia sokoni. RX 580 na wenzake nyingi zilibadilishwa BIOS yake ya ndani ili zichimbe vizuri, na matokeo yake baadhi hazitoi picha wakati wa kuwaka. Tafuta kiswichi kidogo kwenye ukingo wa juu wa kadi. Kikiwepo, kadi ina BIOS mbili. Zima mashine, kisogeze upande wa pili, washa tena.

Kuna na za bandia. GTX 1050 Ti inayouzwa rahisi inaweza kuwa GTS 450 au GTX 550 Ti iliyovalishwa jina. Programu ya GPU-Z tangu 2018 huandika FAKE mbele ya jina ikiigundua kadi ya NVIDIA ya namna hiyo. RX 580 yenye 2048SP si bandia, ila ina vitengo vya kuchakata 2048 badala ya 2304, na bei yake iwe ya hivyo.

Nimepita kote huku, bado giza. Nairudishaje dukani bila kuambiwa nimeiunguza mimi?

Ijaribu kwanza kwenye mashine ya mtu mwingine yenye pawa saplai ya uhakika. Ikigoma huko pia, jibu unalo, tena una shahidi. Ikiwaka huko, usiirudishe. Mashine yako ndiyo inayodaiwa.

Ukienda dukani, beba kadi na waya ulioutumia, na omba waichomeke mbele yako kwenye kompyuta yao kabla ya maneno mengine. Piga picha namba ya kadi iliyo kwenye kibandiko siku unayoinunua, uilinganishe na ile ya kwenye boksi na risiti. Usifungue skrubu za feni wala kubandua vibandiko vilivyo juu yake, kwa sababu maduka mengi huvitumia kukataa waranti. Kama kadi ilinunuliwa mkononi bila risiti, mazungumzo yako yatakuwa na fundi anayeweza kusoma volti kwenye ubao wa kadi, naye akupe bei ya uchunguzi kabla ya bei ya matengenezo.